Miguu ya meza ya kurithi inacheza, imepasuka ama imeoza: soma dalili kabla ya kumwaga gundi

Kama uko na meza ya zamani kwa nyumba, ile ya mvule ama mahogani ama Meru oak yenye guka alichongesha miaka hiyo, na sasa mguu mmoja umeanza kusumbua, tafadhali weka nyundo chini kwanza. Meza nyingi nzuri hapa Nairobi hazimalizwi na uzee, zinamalizwa na matengenezo. Mtu anaona mguu unacheza, anapiga msumari wa inchi tatu kando, unashika miezi kadhaa, unaanza kucheza tena, anaongeza mwingine, anamwagia gundi juu yake, na siku fundi anayejua kazi anaifungua anakuta kiungo kimepasuka vipande na kazi iliyokuwa ya jioni moja imekuwa ya wiki mzima.

Mguu ndio mahali unaona shida lakini mara nyingi shida yenyewe haianzii hapo. Inaanzia kwa sakafu, ama kwa ubao wa juu, ama kwa ndoo ya deki, ama kwa hewa yenyewe. Ukitengeneza mguu uache sababu yake utarudi hapo hapo mwaka ujao na mbao ikiwa imepungua.

Kwa hivyo tafuta mtu wa kukusaidia, inueni meza (msiiburute, kuburuta ndio kunavunja viungo), mpindue kichwa chini juu ya blanketi nzito. Kuwa na tochi, hata ya simu inatosha, futikamba, bisibisi, msumari mwembamba wa kudunga, kamba nyembamba na kikombe cha maji ya moto. Gundi bado.

Meza inacheza lakini ukitingisha kila mguu uko imara

Hapa kwanza usiamini sakafu yako. Nyumba nyingi tunazoishi, sakafu ya simiti ama ya tailizi haiko sawa hata kidogo, weka pimamaji ama ubao ulionyooka chini uangalie mwanga ukipita. Kisha chukua kamba mbili, meza ikiwa imepinduliwa, vuta moja kutoka mguu wa pembe hii hadi wa pembe ya kinyume, na nyingine kwa miguu ile miwili iliyobaki, zote zikipita juu ya nyayo. Zinapokutana katikati zikigusana tu, bila ya chini kusukuma ya juu, miguu iko sawa na shida ni sakafu. Kama ya chini inasukuma ya juu, zibadilishe ili ile ya chini iwe ya juu, utaona nafasi kati yake. Miguu iliyoshikilia kamba ya chini ndio iko na mfupi, na ule mguu umepungua mara mbili ya hiyo nafasi unayoiona, yaani nafasi ya milimita 3 ni mguu uliopungua kama milimita 6. Kuujua ni upi kati ya hiyo miwili, pima kila mmoja kutoka kwa fremu (naiita hivyo zile mbao nyembamba nne zinazozunguka chini ya meza zikishika miguu) hadi kwa unyayo.

Ukishaujua usikate ile mitatu mirefu ifuate mmoja mfupi, hiyo ndio inazalisha zile meza za kurithi zenye mtu akikaa magoti yanagonga fremu. Ongeza kipande cha mbao ngumu chini ya ule mfupi, gundi, basi. Na kama miguu yote ina urefu sawa lakini kamba bado zinaachana, basi ni fremu imejikunja. Legeza skrubu zinazoshika ubao wa juu, iache siku kadhaa mahali pa sawa, mara nyingi inarudi yenyewe manake ni ule ubao wa juu ulikuwa unaivuta.

Mguu unatingika pale unapoungana na fremu

Hii ndio kesi ya kila siku. Kwa meza ya zamani mwisho wa kila ubao wa fremu umechongwa ulimi unaoingia kwa tundu ndani ya mguu. Mwenzako ashike fremu isisonge, wewe shika mguu chini kabisa, sukuma na kuvuta pole pole huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya mshono. Kidole kitahisi mbao mbili zikisongeana kabla jicho halijaona. Fanya hivyo kwa viungo vyote nane manake kikilegea kimoja vingine vinabeba mzigo wake, na karibu kila mara ukikuta kimoja kimelegea utakuta kingine kiko njiani.

Kwa nini vinalegea? Mbao hunywa na kutoa maji ya hewa maisha yake yote, hata ikiwa na miaka mia. Ikikauka inasinyaa upande wa upana, kwa urefu haibadiliki karibu hata kidogo. Sasa fikiria ule ulimi: nyuzi zake zinaenda kwa urefu wa fremu lakini nyuzi za mguu zinaenda juu na chini, kwa hivyo kila msimu hizi mbili zinavutana. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, Januari na Februari hewa inakauka hadi midomo inapasuka, halafu Machi hadi Mei mvua, halafu tena mvua za Oktoba hadi Desemba. Na kama meza ilitengenezwa Mombasa ama Lamu kwa ile hewa nzito ya baharini ikaletwa huku mtu alipohamia ama baada ya mazishi kugawana vitu, ulimi unasinyaa ndani ya tundu na gundi ya zamani ambayo haijui kunyooka inakatika.

Nimefungua meza ya mvule ya namna hiyo, ya pwani, na ulimi ulitoka kwa mkono tu bila nyundo. Gundi ikaanguka kwa blanketi vipande vipande, rangi ya kahawia na inang'aa kama sukari nguru iliyopasuka. Na ndani, pale mtu hawezi kuona meza ikiwa imesimama, fundi alikuwa amekata alama kwa patasi: mkato mmoja kwa mguu na mmoja kwa ulimi wake, miwili kwa miwili, mitatu kwa mitatu, ili kila ulimi urudi kwa tundu lake. Hata wewe weka alama kabla ya kufungua chochote, tepi ya karatasi na kalamu zinatosha, manake viungo vya mkono havibadilishani, kila kimoja kilichongwa kivyake.

Kabla ya kuvuta angalia kama kuna kijiti cha mbao kimepitishwa kwa kiungo, utaona kiduara kidogo ama kimraba kwa uso wa mguu. Hicho kinatolewa kwanza, kigonge kutoka upande wa pili kama kimetoboka, ama ukitoboe kwa drili ya saizi ndogo kuliko chenyewe. Misumari ya watu waliokuja kabla yako pia inatoka kwanza, usivute kiungo msumari ukiwa ndani, utapasua. Alafu gonga kwa nyundo ya mpira ukiwa umeweka kipande cha mbao laini katikati.

Sasa gundi ya zamani. Weka tone la maji ya moto juu yake usubiri dakika chache. Ikianza kunata kwa kidole, hiyo ni gundi ya wanyama, ile ya ngozi na mifupa iliyokuwa ya kila fundi zamani, inatoka kwa kitambaa cha maji ya moto na subira. Ikigeuka nyeupe na laini kama mpira, hiyo ni gundi nyeupe ya kisasa, mtu ameshapita hapa, na siki iliyopashwa moto inasaidia kuilegeza kisha unaikwangua. Hii kazi ya kusafisha ndio watu wanaruka na ndio yenye maana kuliko yote, manake gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Inataka mbao tupu. Ila usitumie patasi kukwangua hadi ukale mbao yenyewe, ukipunguza ulimi umejiongezea kazi.

Ikishakauka vizuri, siku nzima hivi, rudisha kiungo bila gundi ujaribu. Kama kinaingia kwa kusukuma kwa mkono na hakianguki ukiinua, uko sawa, paka gundi pande zote mbili. Kama kinacheza ndani ya tundu, usijaze na unga wa mbao uliochanganywa na gundi, najua ndio kitu kila mtu atakuambia, lakini gundi nyeupe ina nguvu ikiwa nyembamba kati ya mbao mbili zinazogusana, ikiwa nene haina kitu. Bandika kipande chembamba cha mbao ngumu ama vinia kwa shavu la ulimi, yaani ubavu wake mpana, nyuzi zikielekea upande ule ule, kikishika ukisawazishe kwa randa ama msasa hadi kiingie vizuri. Epoksi inajaza nafasi, ni kweli, lakini yule atakayeitengeneza baada yako hataweza kuifungua bila kukata, na kwa meza ya kurithi hilo mimi nalichukulia kama kuharibu. Supa gluu hapana, inavunjika ikigongwa.

Huna klampu ndefu? Tumia blada, zile za watu wa boda za kufungia mizigo. Zungusha kwa fremu yote mara kadhaa ukivuta, inabana vizuri sana na haiachi alama kama kamba. Kabla gundi haijashika pima pembe hadi pembe kwa futikamba mara mbili, vipimo viwili vikiwa sawa fremu iko mraba, visipolingana sukuma ile pembe ndefu hadi vilingane. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji sasa hivi, ikikauka itaonekana madoa ukipaka vanishi. Iache imebanwa angalau saa moja, bora usiku mzima, na usiwekee mzigo kabla ya saa 24.

Umetengeneza na imelegea tena, ama fremu imepasuka karibu na skrubu

Hapa angalia ubao wa juu. Huo ndio mpana kuliko kitu chochote kwa meza kwa hivyo ndio unatembea zaidi, ubao wa upana wa futi tatu unaeza kupanuka na kusinyaa milimita kadhaa kati ya kiangazi na mvua. Mafundi wa zamani walijua hivyo, waliushika kwa vibao vidogo vyenye mdomo vinavyoingia kwa mfereji ndani ya fremu, ubao unateleza bila kuvuta mtu. Halafu anakuja mtu mwingine anaona vibao vimelegea anavitupa, anapiga skrubu moja kwa moja kutoka kwa fremu hadi juu, ama vyuma vya pembe. Kuanzia siku hiyo msimu ukibadilika ubao unasukuma fremu na fremu inasukuma miguu. Kitu kinapasuka, ni suala la wapi tu.

Toa hizo skrubu. Kama mfereji bado uko chonga vibao vipya, ni kazi rahisi ya mbao ndogo tu. Kama hauko, toboa matundu ya skrubu yawe marefu kuelekea upande wa upana wa ubao, uweke washa (kile kiduara cha chuma cha chini ya kichwa cha skrubu), usikaze hadi mwisho. Wengi wanaoniuliza mbona mguu hauponi jibu lao liko hapa.

Mguu umepasuka kwa urefu, kufuata nyuzi

Ufa mpya na msafi ni bahati. Fungua kidogo kwa kabari nyembamba, weka gundi kwa sirinji ya duka la dawa, puliza iingie ndani, chomoa kabari, funga kwa blada. Ufa wa zamani umejaa vumbi na polishi, huo gundi haitashika hadi usafishe, pitisha uzi ama kipande chembamba cha msasa kilichokunjwa ndani yake na spiriti kidogo, uache ikauke. Na ujiulize umetoka wapi. Ukianzia kwa msumari, msumari utoke kwanza, utaona pia weusi umezunguka hilo tundu, hiyo ni kutu ya chuma ikikutana na tanini ya mbao.

Mguu umekatika kabisa

Angalia uso wa ule mvunjiko. Ukiwa na vibanzi virefu vinavyoingiliana, rudisha pamoja kwa gundi usipoteze hata kibanzi kimoja, utashika vizuri kuliko unavyodhani. Ukiwa umekatika fyu, kwa ufupi, basi nyuzi hapo zilikuwa zinakatiza mguu badala ya kuufuata, ni kawaida kwa miguu iliyopinda ama iliyochongwa nyembamba karibu na kifundo. Gundi peke yake hapo haitoshi, kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zimekatwa, kinanywa gundi na hakishiki. Tia doweli (kijiti cha mbao cha duara) ya milimita 10 hivi, iingie sentimita 4 ama 5 kila upande, yenye mfereji kando ili gundi na hewa vipate kutoka. Ili matundu yakutane, piga msumari mdogo katikati ya upande mmoja, kata kichwa, bonyeza upande wa pili juu yake, alama imejiweka yenyewe.

Unyayo umekuwa mweusi, laini, unamomonyoka

Dunga kwa msumari. Ukiingia kama kwa mkate, hiyo imeoza, na Nairobi sababu karibu kila mara ni deki. Maji yanasimama chini ya mguu kila asubuhi, kichwa cha mbao kinayanyonya juu, na kuvu inahitaji tu mbao ibaki na unyevu wa juu ya asilimia 20 hivi. Kupaka vanishi juu ya uozo ni kuufungia ndani.

Kata hadi ufike kwa mbao nzima, lakini usikate mraba. Kata kwa mteremko mrefu, kama unyayo una unene wa sentimita 5 mteremko uwe na urefu wa karibu sentimita 40, ili gundi ishike upande wa nyuzi na si kichwa kwa kichwa. Ukikosa urefu wa kufanya hivyo kata mraba uongeze doweli. Kipande kipya kiwe cha mbao ile ile na nyuzi zielekee ule ule upande. Hapo kwa kupata mbao ndio kazi, mvule na Meru oak za kienyeji zilikuwa zimeanza kuadimika hata kabla ya ile marufuku ya ukataji miti ya 2018. Jaribu Gikomba kwa wauza mbao na fanicha kuukuu, kitanda kilichovunjika ama mlango wa zamani una mbao iliyokauka miaka mingi kuliko chochote utakachonunua kipya, na mafundi wa kando ya Ngong Road mara nyingi wana vipande vilivyobaki. Beba kipande cha meza yako ulinganishe, usitegemee jina, watu huita mbao nyingi mahogani. Na ukisaga mvule vaa maski, vumbi lake linawasha ngozi na linasumbua kifua.

Ukimaliza paka vanishi ama nta chini ya nyayo zote nne, siyo moja, kisha uweke vipande vya plastiki ngumu chini. Anayepiga deki aambiwe akaushe hapo.

Kuna unga na matundu madogo

Matundu ya duara ya milimita moja ama mbili na unga laini sakafuni ni bungua. Swali ni kama bado wako ama waliondoka miaka ya nyuma. Fagia kabisa, weka karatasi nyeusi chini ya mguu, uache wiki mbili tatu. Unga mpya juu ya karatasi maana yake wanakula. Wanapenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, kiini mara nyingi hawakigusi, kwa hivyo mara nyingi uharibifu unakuwa upande mmoja tu. Ingiza dawa ya wadudu wa mbao kwa kila tundu na sirinji, fuata maelezo ya chupa, funga mguu na karatasi ya nailoni siku kadhaa, hewa iwe inapita kwa chumba na watoto wawe mbali. Kupaka dawa juu ya vanishi haisaidii, haipenyi.

Kama ni njia za udongo na ndani ni tupu, hao ni mchwa na wametoka chini ya nyumba. Meza itoke hapo leo, nyumba itibiwe kwanza. Na tafadhali, ile oil chafu ya gari tunayopaka nguzo za shamba isikaribie meza, hakuna gundi wala vanishi itashika tena na hiyo kitu si ya kuguswa mahali watu wanakula.

Tundu la skrubu limepanuka

Kujaza tundu na njiti za kiberiti ni kwa bawaba ya kabati, mguu wa meza ni mzigo mwingine. Panua tundu liwe safi, gonga doweli ya mbao ngumu na gundi, subiri kesho, toboa upya. Skrubu ikiwa ndefu kuliko unene wa mbao usiirudishe.

Rangi

Usipige msasa meza yote ili ifanane na kipande kipya, ile rangi imechukua miaka kutengenezeka. Weka tone la spiriti mahali pasipoonekana: polishi ikilainika na kunata ni shelaki, ile polishi ya zamani ya spiriti, na shelaki mpya itaungana nayo vizuri. Isipolainika huenda ni vanishi ya kisasa. Pakaa rangi kwa kile kipande kipya tu, nyepesi, tabaka kwa tabaka, ukiangalia mchana kando ya dirisha manake taa ya usiku inadanganya.

Kama ukisoma hii unaona kazi ni kubwa peke yako, peleka kwa fundi, lakini muulize kwanza ataifunguaje. Akianza kuongea juu ya misumari beba meza yako. Akikubali, mwambie akurudishie kila kipande alichotoa hata kile kilichooza, na upige picha viungo vikiwa wazi kabla hajapaka gundi.